Mawe ya Kale ya Mzee Kasiani

Marahaba. Naanza kwa kuitikia, maana mlipokuja kwangu Ifakara mwezi uliopita, nyinyi wanafunzi wa akiolojia, mlinimwagia shikamoo kumi na moja kwa mpigo nikashindwa kujua nimjibu nani. Mkakaa mkekani, mkatoa simu zenu, mkaniuliza swali moja tu: Babu, wewe ndiye uliyeandika namba kwenye yale mawe madogo ya pangoni, mbona umri wake unatuchanganya? Nikawaambia nimesahau. Sikusahau. Nilitaka kwanza nipime nitajiaibisha kwa kiasi gani.

Nimeshapima. Nitajiaibisha kabisa, ila njiani nitawaaibisha na wengine, kwa sababu sioni kwa nini niwe peke yangu.

Nazungumzia miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi. Alikuja mmoja wao, msomi, mrefu, mwenye masikio mekundu kwa jua. Jina lake nitaliacha, ana wajukuu huko kwao na hawajanikosea. Sisi tulimwita Bwana Brashi. Alikuwa nazo brashi za kila ukubwa, na kila kitu alikipiga brashi kabla ya kukiamini. Siku moja kuku wake wa kuchoma aliponyoka akaanguka kwenye majivu. Akamwokota, akachagua brashi ya ukubwa wa katikati, akampiga brashi pande zote, akala.

Alikuwa anatafuta jibu la swali ambalo hata nyinyi bado linawalisha: mtu wa kwanza mwenye akili kama zetu alitokea wapi? Leo mnasoma vitabuni kwamba ni huku huku Afrika, mnaandika kwenye mtihani, mnapata alama. Wakati ule mambo hayakuwa hivyo. Mabwana walikuwa wamemtafuta mtu huyo kila mahali penye baridi, na huku kwetu walikuja kutafuta mahali alipopita tu, akielekea kwenye shughuli zake. Bwana Brashi alishakuwa na jibu tangu kwao. Alikuja Kilombero kutafuta mawe ya kumuunga mkono.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi. Zamani bonde hili lilikuwa na watu wazito wazito, wa kupasua mawe makubwa bila mpango. Kisha wakashuka watu wa kaskazini, warefu, wembamba wa vidole, waliojua kuchonga vijiwe vidogo vya kupendeza. Ndio walioleta akili. Sisi wengine, kwa maelezo yake, tulikuwa wasikilizaji.

Mimi alinikuta Kivukoni, nikihesabu magunia ya mpunga yanayovushwa kwa mtumbwi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mke wangu ana mimba ya kwanza, na Kiingereza changu cha shule ya misheni kilikuwa kimeanza kupata kutu. Aliposikia nasema neno moja la Kiingereza akanichukua palepale. Kazi zikawa mbili: kuandika namba kwenye mawe na kuwa mkalimani. Kiswahili chake yeye kilikuwa na maneno manne: leta, chukua, polepole, mjinga. Kwa maneno manne mtu anaweza kuendesha kambi msimu mzima, ila hawezi kumuuliza mtu swali. Hilo liandikeni mahali.

Pango lenyewe mnalijua, upande wa Ulanga, mwendo wa nusu siku kutoka mtoni, kwenye mwamba unaotazama mbuga ya mpunga. Tulikuwa wachimbaji sita, na mimi karani wa mawe.

Juma la kwanza niliharibu mawe arobaini. Jiwe mnaloandika namba leo, mnalipaka kwanza doa dogo la vanishi, mnaandika juu yake, mnapaka tena. Mimi niliona vanishi ni mbwembwe za kizungu, nikaandika wino mtupu. Kufika jioni jasho la mikono lilikuwa limefuta kila kitu, mawe arobaini hayajui yametoka shimo gani. Bwana Brashi hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa chini kwenye kifusi akashika kichwa, kama mtu aliyefiwa. Ningependelea anitukane.

Juma la pili nilitaka kujikomboa. Alikuwa ametufundisha kutofautisha mfupa wa kale na jiwe: unagusisha ulimi, mfupa unanata, jiwe halinati. Ni kweli, jaribuni. Mimi nikaokota kipande cheupe, nikakilamba, kikanata vizuri sana, nikakimbia nacho. Bwana Brashi akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaniambia kwa upole kwamba ni kinyesi cha fisi kilichokauka miaka mingi. Tangu siku hiyo wachimbaji wakipata kitu cha ajabu walikuwa wanaita, "Damasi, njoo uonje." Mke wangu alisikia habari hiyo kabla sijarudi nyumbani, akanipokea kwa mbali.

Sasa nimfikie mtu mwenyewe. Kati ya wale sita alikuwemo Mzee Kasiani, mzaliwa wa milimani Mahenge, aliyeshuka bondeni kufuata mpunga. Mtu mfupi, mkimya, mwenye vidole gumba vipana kama vijiko vya ugali. Kazi hii kanifundisha yeye. Bwana Brashi alinifundisha kuandika.

Wenzake walipochimba kwa mwiko wa chuma, yeye alichonga ubale wa mwanzi. Alisema chuma kinakata udongo na mwanzi unauliza. Alikuwa akifika mahali anapiga chini kwa kisigino cha mkono, anasikiliza, kama mama anayekagua sakafu mpya aliyoisiriba. "Hapa pamekanyagwa na watu," anasema. "Pale pamekanyagwa na mvua tu." Mimi nikicheka. Tukichimba, alipopasema watu panatoka majivu na mifupa iliyopasuliwa, na alipopasema mvua panatoka mchanga. Aliniambia pia kwamba udongo hubadilika harufu vidole viwili kabla ya kubadilika rangi. Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya thelathini na sijaona chombo chenu kinachomshinda. Mnapimia kwa umeme, sawa, lakini umeme ukikatika mnakaa chini ya turubai mnacheza karata.

Siku moja Bwana Brashi alitupima vichwa. Alikuwa na koleo la chuma lenye miguu iliyopinda, analiingiza kutoka sikio hadi sikio, anasoma, anaandika. Alipomaliza cha Mzee Kasiani akaniambia kwa Kiingereza kwamba kichwa cha namna hii kinafaa kazi nzito, na kwamba mikono ya watu hawa haikuumbiwa kazi ndogo ya ustadi.

"Anasemaje?" Mzee Kasiani akauliza.

"Anasema una kichwa kizuri, Mzee."

"Hayo maneno yalikuwa mengi kuliko hayo."

"Anasema kizuri sana."

Nilianza mapema kuwa mkalimani wa aina hiyo. Niliamini ni uungwana.

Mwezi wa pili wa kazi tukaingia kwenye tabaka la majivu laini, siyo kina kirefu, na mawe madogo yakaanza kutoka. Nyinyi mmeyashika. Vijiwe vya rangi ya asali, bapa, vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, pembe nne, kingo zimechongwa safi. Pamoja navyo vigae vilivyobanduka wakati wa kuchonga, vimemwagika kila mahali. Bwana Brashi alipiga magoti. Alipiga brashi mpaka nikaogopa vitaisha. Akasema ndio hao, watu wa kaskazini, wamekaa hapa hapa maelfu ya miaka iliyopita, angalia ustadi. Alivinyanyua kimoja kimoja kwenye mwanga na macho yake yalikuwa yamelowa. Kwa kweli nilimwonea raha.

Ajabu ni kwamba wachimbaji hawakushangilia. Kwa kawaida kikipatikana kitu tunapiga vigelegele vya uongo ili Bwana atupumzishe. Siku ile kila mmoja aliinamia ndoo yake. Mzee Kasiani alikuwa amegeukia ukuta wa pango, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka machozi.

Halafu kicheko kikamkauka. Kutoka kwenye majivu yaleyale, chini ya ubale wake wa mwanzi, kilichomoka kidude cha mviringo, kizito, cha kijivu. Punje ya risasi ya bunduki. Nilikuwa nimesimama juu yake na daftari langu. Akaichukua kwa vidole viwili akaitia mdomoni.

"Anakula nini?" Bwana Brashi akaniuliza.

"Tumbaku, Bwana."

Mzee Kasiani akatafuna kidogo kwa adabu, akatema mate pembeni bila kutema risasi. Alikaa nayo mdomoni hadi saa ya chakula.

Mchana ule tulishuka wawili kwenye kijito kuosha mawe. Akaitoa ile punje, akaisafisha kwa shati, akaiweka mfukoni. Nikamwambia, Mzee, hebu nieleze.

"Mawe haya ni yangu," akasema.

"Yako vipi?"

"Nimeyachonga mimi. Mengine marehemu baba mkwe wangu. Tulikuwa tunakaa pale pangoni msimu wa mvua, tunakausha nyama, tunachonga mawe ya kuwashia bunduki."

Alikuwa na bunduki ya gumegume, vijana. Ile ya zamani ya kushindilia baruti kwenye mdomo wa mtutu, yenye mtambo unaobana kijiwe, ukivuta kinagonga chuma, cheche inaruka, baruti inashika. Kijiwe hakidumu, ukipiga mara kadhaa kinakufa makali. Hakukuwa na duka la kuvinunua. Basi mwenye bunduki anaokota mawe magumu kwenye changarawe za mto anachonga mwenyewe, vinavyovunjika anaviacha hapo alipo. Hao ndio watu wa kaskazini wa Bwana Brashi: mzee wa Mahenge na baba mkwe wake, wamekaa juu ya magogo wanabishana kuhusu mahari.

Mtasema, sasa si angesema tu? Angesemaje? Bunduki ile haikuwa na kibali. Ofisa wa wanyamapori, ambaye bonde zima lilimwita Bwana Nyama, alikuwa anazisaka bunduki hizo nyumba kwa nyumba. Ukikamatwa nayo inachukuliwa na wewe unakwenda jela. Na bila bunduki mpunga wa Mzee Kasiani ulikuwa wa viboko. Kiboko akiingia shambani anakula kidogo na kukanyaga kilichobaki, na ukipiga debe anakutazama tu. Nguruwe pori ndio usiseme. Ile bunduki ilikuwa inalinda mashamba ya kaya saba, na wachimbaji wenzake wote walikuwa wameshakula nyama iliyowindwa nayo. Ndiyo maana waliinamia ndoo.

"Basi nyamaza," nikamwambia. "Wacha Bwana afurahi. Atakwenda zake kabla ya mvua, wewe ulime."

Akanitazama. "Hilo silo linalonisumbua, Damasi."

Kilichomsumbua kilikuwa chini. Chini ya majivu yale kulikuwa na gamba gumu la udongo, jekundu, limeshikana kama matofali. Bwana Brashi alikuwa ameligonga akasema ni mwamba, pango limekwisha. Mzee Kasiani alikuwa analijua vingine. Miaka ile alipokuwa anasimika nguzo za uchaga wa kukaushia nyama, alilipasua gamba hilo mahali pamoja, na chini yake akakuta udongo laini tena, majivu meusi, na jiwe kubwa la urefu wa kiganja na vidole, limechongwa pande zote mbili mpaka kwenye ncha. Alilishika, akaona linakaa mkononi barabara, akalirudisha kwa heshima akashindilia nguzo juu yake.

"Hilo silo langu," akasema. "Wala si la baba mkwe. Hao ndio wenyewe wa hapa. Huyu Bwana anasema wetu hawakuwa na mikono. Nimemsikia, Damasi, hata usipotafsiri namsikia. Anataka kufunga shimo juu ya takataka zangu na kuwafukia wao."

"Mwambie achimbe chini."

"Nimemwambia mara tatu. Wewe ndiye uliyempelekea."

Kweli, nilikuwa nimempelekea. Na mara zote tatu Bwana Brashi alitabasamu akasema yule mzee ni mchimbaji hodari ila asiingilie mambo ya elimu. Na kwa nini aingiliwe? Alishapata alichokuja kutafuta. Mtu aliyeshiba ukimwonyesha sufuria nyingine anaona unamtania.

Zikapita siku nne. Mizigo ikaanza kufungwa. Habari zikaja kwamba Bwana Nyama atapita pangoni mchana kula chakula na mwenzake kabla hatujafunga shimo. Nikaomba Mungu Mzee Kasiani apate homa.

Asubuhi hiyo alikuja amevaa shati lake la kwendea kanisani. Hakuchukua ndoo. Alikuwa na mawe mawili makubwa ya rangi ya asali kwenye kikapu, na nyundo ndogo. Akaenda moja kwa moja mbele ya meza ya Bwana Brashi, akakaa chini, akatandaza ngozi kwenye goti, akaanza kugonga. Kigae cha kwanza kikaruka. Cha pili. Akakikata pembe, akakisugua kingo, akakiweka mezani. Akachonga cha pili na cha tatu. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Vilikuwa vijiwe vitatu bapa, vya pembe nne, na ukivichanganya na vile vya kwenye sanduku hata mama yao mzazi asingevitofautisha.

Bwana Brashi akakiokota kimoja, akakipiga brashi.

Mzee Kasiani akaniangalia mimi. Alisema taratibu, neno moja moja, ili nisipate kisingizio. "Mwambie hivi. Mawe yote madogo ya shimo hili ni yangu. Ni ya bunduki yangu ya gumegume, iko nyumbani kwangu, haina kibali, akitaka nitamwonyesha. Mwambie watu wake wa kaskazini hawakupita hapa. Wenye mahali hapa wako chini ya gamba. Achimbe."

"Mzee, Bwana Nyama anakuja leo."

"Najua. Ndiyo maana nimevaa shati. Mpelekee."

Hapo ndipo kazi yangu yote ilipokuwa. Siyo kwenye namba, wala wino, wala vanishi. Mtu mzima alikuwa amechukua bunduki yake, shamba lake na uhuru wake, ameviweka kwenye sentensi tano, akanipa mimi nizipeleke hatua mbili tu, hadi upande wa pili wa meza.

"Anasemaje?" Bwana Brashi akauliza.

Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri cha misheni: Anasema, Bwana, amekuwa akiyatazama mawe yako kwa makini sana, akajifundisha kuyaiga, ili akufurahishe kabla hujaondoka.

Bwana Brashi alifurahi kweli. Akampiga Mzee Kasiani begani. Akafungua daftari akaandika palepale, akanisomea: wenyeji wa bonde ni hodari wa kuiga wakionyeshwa kazi ya watu bora. Akavichukua vile vijiwe vitatu kama kumbukumbu. Mzee Kasiani aliutazama ule mkono begani mwake, akanitazama mimi, na hakuhitaji mkalimani. Alikunja ngozi yake akaenda kukaa nje.

Mchana akafika Bwana Nyama. Mtu huyu alikuwa amenyang'anya bunduki za gumegume bonde zima, anazo ghalani zimepangwa kama kuni. Bwana Brashi akamwekea mkononi kijiwe kimoja kutoka kwenye sanduku. Akakigeuza, akakisifia, akauliza ni cha miaka mingapi, akaambiwa elfu nyingi, akapiga mluzi. Kisha wakala sardini za kopo. Mimi nilisimama nyuma yao na kitambaa cha meza mkononi nikifikiri kwamba nimemwokoa mtu, na nilijipongeza.

Kesho yake tukafukia shimo. Mzee Kasiani hakushika jembe. Tulipokuwa tunashuka kuelekea Kivukoni alitembea nyuma yangu njia nzima, na nilipogeuka kumsemesha aliniambia maneno machache tu.

"Nilikupa mzigo wangu uubebe. Ukautupa, ukasema umenipunguzia uzito."

"Mzee, ungefungwa!"

"Nilijua. Nani alikutuma unionee huruma?"

Mlidhani imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Ukapita msimu wa mvua, mke wangu akajifungua salama, tukavuna. Halafu nikasikia habari ambayo bonde zima liliicheka. Mzee Kasiani alikuwa amekwenda bomani kwa miguu, mchana kweupe, bunduki begani, na mfuko wa vijiwe kiunoni. Watu walikimbia kumpisha, wakidhani amerukwa na akili. Akafika kwa karani, akaiweka bunduki mezani, akamwaga vijiwe kando yake, akasema anataka iandikwe kwenye karatasi ya serikali kwamba mawe madogo ya pangoni ni ya bunduki hii, na Bwana wa brashi ajulishwe arudi achimbe chini.

Karani yule nilisoma naye misheni. Alinihadithia mwenyewe, anacheka. Alisema karatasi za mashauri ya bunduki zilikuwa na mistari mitatu: aina, kibali, jina la mwenye nayo. Hakukuwa na mstari wa mawe. Akaandika: gumegume, hana, Kasiani. Vijiwe akavifagia dirishani.

Alipewa miezi sita. Nilikwenda kumwona mara moja, na mchele na kambale wa kukaushwa. Alikuwa amekonda, mguu wa kulia umevimba. Hakunilaumu, na hilo liliniumiza kuliko chochote. Aliuliza habari za mke wangu, akauliza mtoto anaitwa nani. Nikataka kuomba radhi nikashindwa kujua nianzie wapi, basi nikawa nazungumzia bei ya samaki. Askari akasema muda umekwisha. Ndipo Mzee Kasiani akanishika mkono.

"Damasi, ile karatasi yangu ilifika? Wamerudi kuchimba?"

Bwana Brashi alikuwa ameshapanda meli kwenda kwao. Alikuwa anaandika kitabu ambacho baadaye nilikiona, kina picha ya vijiwe vile na mwandiko wangu juu yake, mzuri, wa kunyooka, namba zote zinasomeka. Watu walikisoma miaka mingi. Nimefanya kazi na mabwana wengine baada yake, na baada ya uhuru na maprofesa wetu wenyewe, nao walikuja na brashi zao na majibu yao, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mimi nami sikusema. Mtu huzoea kuheshimiwa kwa mwandiko wake.

Lakini siku ile gerezani hayo yote yalikuwa bado. Nilikuwa na swali la mzee mmoja tu la kujibu, na safari hii hakukuwa na lugha ya kujifichia.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Wamerudi. Wamelipasua gamba."

"Wameyakuta?"

"Wameyakuta. Mengi."

"Makubwa?"

Nikanyoosha mikono nikamwonyesha: hivi. Urefu wa kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Akavitazama viganja vyangu vilivyotengana hivyo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alipotoka, mguu ule haukumruhusu tena kupanda hadi pangoni. Aliishi misimu miwili, viboko wakimmalizia mpunga, na yeye akimwambia kila aliyepita kwake kwamba wa chini wamepatikana. Akafa anaamini hivyo.

Mtaniuliza mbona sikwenda mwenyewe na jembe. Nilikwenda, mara tatu kwa miaka yote hii. Mara ya tatu nilifukua hadi kwenye gamba, nikapiga kisigino cha mkono kama alivyonifundisha, nikasikiliza. Pakatoa mlio wa mahali palipokanyagwa na watu. Nikafukia nikarudi nyumbani. Niliogopa kwamba masikio yangu si yake, na kwamba nikipasua nikakuta mchanga, basi nilimdanganya mtu mzima gerezani bila hata pa kujitetea. Nyinyi hamumjui, hamna cha kuogopa.

Kwa hiyo nendeni. Wekeni yale madogo kwenye sanduku lake linalostahili, andikeni ni ya bunduki, ya Kasiani wa Mahenge, miaka si mingi. Kisha pasueni gamba. Mkiyakuta ya chini, kabla hamjayapiga picha wala kuyapima kwa vyombo vyenu, mnijulishe urefu wake. Nilimwonyesha mpaka karibu na kiwiko, na ningependa yasiwe mafupi kuliko hapo.